Mwaka wa tatu bila jembe: mboga za Utange, kusi na kaskazi

Jembe_Chini (Utange)

Salaam aleikum jamaa zangu, na hamjambo wale wa hamjambo.

Nimekuwa nikidandia nyuzi za watu humu na kuulizwa maswali yale yale ya kilimo bila jembe, nikaona bora nifungue wangu tumalizane. Nina robo eka kasoro hapa Utange, Mombasa. Ukitoa nyumba, kisima, minazi saba na banda la kuku, inabaki nafasi ya matuta 24, kila tuta upana mita moja, urefu mita kumi. Jembe liliingia mara ya mwisho mwezi wa pili 2023. Tangu siku hiyo silimi, naifunika ardhi kwa matandazo (nyasi, majani na makuti), na jembe limetundikwa ukutani; juzi nimekuta nyigu wamejenga kwenye mpini.

Kuna watu wanasema hichi ni kilimo cha wavivu, na wengine wanakuuzia kwamba kazi itapungua nusu. Kwangu haikupungua hata chembe. Ilihama. Zamani nilikuwa nainama, sasa nabeba. Fanyeni hesabu: tuta moja la mita kumi za mraba ukilifunika unene wa sentimita kumi, hiyo ni mita moja ya ujazo ya matandazo. Mara 24. Na hayakai, kwa joto letu hili na mchwa wetu hawa, miezi miwili mitatu umebaki nusu. Kwa hivyo mtu akinijia na habari ya kuacha jembe, simuulizi atapanda nini. Namuuliza majani atayatoa wapi, na mgongo wa kuyabeba ni wa nani.

La pili ni upepo. Karibu kila nilichosoma kuhusu jambo hili kimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Wanafunika shamba theluji isiharibu, wanafunua jua likirudi. Sasa mimi theluji nitaitoa wapi? Nilifuata maagizo yao mwaka mzima, ndipo nikaelewa kwa hasara: matandazo yale yale yanayookoa mboga mwezi wa pili ndiyo yanayoziua mwezi wa tano. Huku unene wa kifuniko unakwenda na upepo, kaskazi au kusi.

Kaskazi (mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu). Jua la kukaanga samaki. Mwezi wa kwanza na wa pili mvua ni ya kubahatisha, na mchanga wetu ukiuwacha wazi, adhuhuri huwezi kuukanyaga pekupeku. Hapa naweka sentimita kumi mpaka kumi na tano, makuti yaliyochakaa juu ya nyasi. Namwagilia alfajiri, chini ya kifuniko, si juu yake. Ukitia mkono chini saa nane mchana, udongo uko baridi kama mtungi. Yanayokubali ni mabenda, mabiringani, pilipili, kunde za majani na mchicha. Tungule (wageni, ndizo nyanya zenu) usijisumbue: usiku haupoi, maua yanapukutika tu.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa mwani. Kaskazi ya kwanza niliona marundo ya mwani yametupwa ufukweni, bure, laini, hauna mbegu za magugu. Nikapakia tuktuk mbili, nikautandaza mbichi kwenye matuta manne ya mchicha. Sikuuosha. Siku ya tano ncha za majani zimeungua kahawia kama zimepitiwa na kiberiti, siku ya kumi sina mchicha. Ile chumvi yote niliibeba mwenyewe, kwa pesa yangu, nikaimwaga shambani wakati hakuna mvua ya kuiosha. Siku hizi mwani nauchukua mwezi wa tatu, naurundika mahali pembeni, mvua za masika ziukoshe mpaka mwezi wa saba. Ukitoka hapo ni mzuri sana.

Mwaka (wa nne mpaka wa sita, wageni, “mwaka” kwetu ni zile mvua kubwa, masika). Kusi inaingia na maji. Mwezi wa tano ndio mbaya zaidi. Ukiwacha kifuniko kinene, chini kunakuwa hamamu: miche inaoza shingoni, na makonokono wanazaa humo kwa raha zao. Sasa mwezi wa tatu ukiisha napunguza mpaka inibaki sentimita nne tano, na kuzunguka kila mche naacha wazi kiasi cha shubiri. Kile nilichotoa nakitupa njiani katikati ya matuta, nakanyaga, kinaoza, mwezi wa kumi na moja nakirudisha juu kikiwa nusu mboji.

Kupanda mbegu ndogo watu huniuliza sana. Mchicha na kotmiri (dania) huwezi kumwaga juu ya makuti ukategemea miujiza. Nasogeza matandazo, natia mboji iliyochekechwa unene wa vidole viwili, nasia kwa mstari, nafunika kwa gunia bichi siku tatu. Ikitoa majani mawili ya pili narudisha nyasi taratibu. Hakuna siri nyingine.

Vuli ni fupi na haina adabu. 2023, ile ya El Niño, mwezi wa kumi na moja maji yalipita shambani yakabeba matandazo yangu yote mpaka kwa jirani. Alinirudishia gunia kumi na moja huku anacheka. Lakini alipokwisha kucheka, kwake kulikuwa na mifereji ya kuingia mguu mpaka ugoko, kwangu matuta yako pale pale.

Ulizeni.

Mtu_wa_Miritini

Kaka, nakuheshimu lakini wewe una mchanga. Huku kwetu ni udongo wa mfinyanzi, kiangazi unapasuka mpaka unapoteza ufunguo wa nyumba ndani, masika unavua kiatu. Nilijaribu hii yako kwenye matuta matatu, nikatandaza maboksi na nyasi juu ya ardhi ngumu, nikapanda spinachi. Mizizi ilifika chini kidogo ikakunja kona kama mtu aliyepotea njia. Si bora nilime tu?

Jembe_Chini

Una haki. Bara upande wenu mwamba ni mwengine, si matumbawe na mchanga kama huku pwani ya kaskazini. Mimi ningekwambia lima. Mara moja. Fukua kwa jembe-uma mpaka upite pale pagumu, tia samadi na mboji, inua matuta shubiri moja juu ili maji ya mwaka yasikae, halafu ndio uage jembe. Na kuanzia siku hiyo, mguu wa mtu usikanyage tuta, hata wa mtoto anayefuata mpira. Watu wanashika sana habari ya kutotifua wakasahau ya kutokanyaga. Panda mbaazi pembezoni, mizizi yake inazama ndani, inakutobolea njia bure.

Nyanya_wa_Mtongwe

Mwanangu Jembe, marahaba ya salamu zako ingawa hukuniamkia. Nimekusoma mpaka mwisho na miwani yangu imevunjika mkono mmoja.

Kwanza, umeuruka mchoo. Umetoka mwaka ukaingia vuli kama hapana kitu katikati. Hizi mvua ndogo za mwezi wa saba na wa nane, na baridi yake ya kipupwe, ndizo za mboga kuliko zote. Mamangu akipanda mnavu wakati huo, na tungule. (Nyanya ni mimi, lile la kutia mchuzini ni tungule, mjukuu wangu wa Nairobi hataki kuelewa.) Jua si kali, maua yanashika.

Pili, hilo mnaloliita kilimo kipya, sisi tulikuwa tukifanya chini ya minazi na hapana aliyetuita wataalamu. Tukikata kumbi la nazi tunalilaza mgongo juu, tumbo chini, moja kando ya moja kama vigae, na kati yake tunachomeka mche. Kumbi likipata maji linayashika siku nyingi. Mvua ikija nyingi tunaligeuza, mgongo chini, likauke. Kugeuza kumbi ilikuwa kazi yetu watoto kabla ya chuoni. Ukiligeuza unakuta tandu, ndipo unajua kama umeamka.

Jembe_Chini

Shikamoo Bibi, unisamehe. Hilo la mchoo umenipiga mahali pake. Kwa kweli tungule zangu zote napanda mwishoni mwa mwezi wa sita na zinachanua wa nane, ila sikujua kulitaja kwa jina, nilikuwa naandika tu “wakati wa baridi”. Na hili la kugeuza kumbi sijalisoma popote. Naomba kuuliza: hayo makumbi si yanaleta chonga, yule mdudu wa minazi?

Nyanya_wa_Mtongwe

Chonga hafuati kumbi kavu lililotandazwa. Anataka mahali penye kina na joto: gogo la mnazi linalooza, au lundo la samadi ulilolisahau nyuma ya nyumba. Humo ndimo anamotaga. Ukiwa na minazi saba na lundo la samadi umeliwacha miezi sita, basi wewe ndiye unayemfuga. Lifukue kila wiki mbili, wape kuku wale mabuu yake meupe manene. Mnazi ukitobolewa moyo na yule mwenye pembe, hata dua haiusaidii.

Kotmiri_Kisauni

Nafuatilia. Swali la biashara: mnauza wapi? Mimi soko la Kongowea nilipeleka kabichi mara moja tu, nikarudi nazo nusu.

Jembe_Chini

Dada, kabichi ya pwani ishindane na ya bara iliyoshuka na lori usiku kucha? Hapana. Pale Kongowea viazi, kabichi, karoti na vitunguu vina wenyewe. Mimi nauza kile kisichopenda safari. Mchicha ukikatwa saa kumi na moja alfajiri unafika kwa mteja saa moja bado una umande. Wa kutoka mbali umeshalala kama kitambaa. Mnavu vile vile, majani ya kunde, mchunga (huo unajiotea wenyewe njiani, nimeacha kuung’oa tangu mama mmoja wa jirani alipouomba kwa pesa), na kotmiri.

Na kwa kuwa jina lako ni Kotmiri nikupe hili: angalia mwezi wa Ramadhani. Kila mwaka unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. 2024 na 2025 ulianza mwezi wa tatu, 2026 ukaanguka wa pili. Yaani bado tuko ndani ya kaskazi, joto kali, na kotmiri kwa joto inakimbilia kutoa maua kabla hujaikata. Wakati huo ndio watu wanaitaka kwa sambusa na mchuzi. Nilichofanya: nguzo nne za mkandaa, makuti machache juu kwa kuachana, kivuli nusu jua nusu. Nasia kila baada ya siku kumi, kidogo kidogo, kuanzia wiki tano kabla ya mwezi kuandama. Naing’oa ikiwa changa na mizizi yake, ndiyo mboga peke yake hapa kwangu ninayoivuna kwa kuing’oa.

Dere_wa_Tuktuk

Yakhe, mimi ndiye niliyebeba ule mwani. Tuktuk ilinuka wiki mbili, abiria wanaziba pua, na hukunilipa ya kuosha.

Jembe_Chini

Haya, mashahidi wamefika. Njoo uchukue mchicha.

Dere_wa_Tuktuk

Ule ulioungua?

Chumvi_Tupu (Shanzu)

Nyinyi mnacheka, mimi nina kilio. Kisima changu maji yake ukichemsha sufuria inabaki na ukoko mweupe. Ya mkokoteni siwezi kumwagilia, pesa itaisha kabla ya mboga kukua. Nimetandaza nyasi kama mnavyosema lakini maharagwe yananyauka tu, na vitunguu vimegoma.

Jembe_Chini

Ndugu, maharagwe, vitunguu na karoti hayo maji yataviua hata uyasomee. Hamia spinachi, bitiruti na mchicha, hizo zinavumilia. Halafu usinyunyize kidogo kidogo kila jioni. Ukinyunyiza kidogo maji yanakauka juu na chumvi inabaki pale pale. Mwagilia kwa wingi, mara chache, chumvi isukumwe chini ya mizizi. Matandazo yanasaidia kwa sababu yanazuia jua lisivute maji juu. Udongo ulio wazi ni kama ile sufuria yako. Mwezi wa nne mvua zikianza, usifunike kwa nailoni wala chochote, ziwache zioshe tuta. Na weka mfereji kwenye mabati uchote maji ya mvua, hata mapipa mawili tu, ya kunyweshea miche. Mche mchanga ndio dhaifu, ukishakomaa unastahimili.

Jambo moja zaidi: kama uko juu ya matumbawe, achana na majivu. Najua kila mtu anakwambia tia majivu. Udongo wa matumbawe una chokaa ya kutosha, ukiongeza majivu majani yanageuka manjano mishipa ikibaki kijani. Tia mboji.

Mvinje

Kwa habari ya matumbawe, nyote mko karibu na Haller Park ya Bamburi, hamjawahi kujiuliza ule msitu umesimama juu ya nini? Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu linalong’aa. Mwaka 1971 René Haller akaanza kujaribu miti, na mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyokubali. Tabu ikaja kwamba sindano zake zilianguka zikarundikana bila kuoza. Wakaletwa majongoo, wale wakubwa wenye miguu myekundu, wakazila, na kinyesi chao ndicho kilichoanza kuwa udongo. Hapana aliyetifua pale, kwani angetifua nini? Mimi kila nikiona mtu anamkanyaga jongoo shambani namkemea.

Jembe_Chini

Hii nimeipenda. Kwangu majongoo walikuja wenyewe mwaka wa pili. Nilianza kuwahesabu nikaacha. Ila niseme kweli, miche midogo ya tango wanaitafuna wakikosa kilichooza, kwa hivyo si malaika.

Mtu_wa_Miritini

Turudi kwenye vita halisi. Gugu la ndago. Maboksi mawili, nyasi juu, bado imetoboa kama sindano.

Jembe_Chini

Nilikuwa nangoja nani ataitaja. Ndago haijali boksi. Nilinunua samadi lori moja kwa mwenye zizi ambaye simtaji, nikakuta ndani kumejaa vile vikokwa vyeusi. Matuta sita yakawa zulia. Ukiilima unavunja mnyororo wa vikokwa na kila kimoja kinaamka, kwa hivyo jembe ndilo linaloizidishia. Ukiifunika inapita. Kilichonisaidia ni vitu viwili. Nilipanda viazi vitamu matuta yote sita mwezi wa nne, majani yakafunika ardhi miezi mitano. Ndago inachukia kivuli. Halafu mke wangu, na hapa sifa ni yake, alikuwa akipita kila Jumapili na kijiti cha chuma akichomoa iliyochomoza, na kokwa lake. Bado ipo. Lakini sasa ni ya kikapu, si ya mkokoteni.

Kosa jingine niliungame nikiwa hapa hapa. Wanasema mmea ukimaliza using’oe, kata usawa wa ardhi, mizizi ioze ndani. Nikafanya hivyo kwa tungule na mabenda. Msimu uliofuata tungule zikadumaa, nikang’oa moja, mizizi ina vifundo kama tasbihi. Minyoo fundo. Mchanga wetu wanaupenda sana. Kumbe nilikuwa nimewawekea akiba. Sasa nakata kunde, mchicha na mahindi, lakini tungule, mabenda na mabiringani nang’oa taratibu, natazama mizizi. Yenye vifundo nachoma moto. Tuta hilo halioni tena jamii hiyo mpaka lipite msimu mmoja limepandwa marejea, ule mmea unaopunguza minyoo hiyo.

Kotmiri_Kisauni

Na makonokono? Nimeshauriwa bata.

Jembe_Chini

Nilikuwa na bata watatu. Walikula makonokono wote kwa siku nne, siku ya tano wakaanza spinachi. Tuliwala Idi. Siku hizi naweka vipande vya ganda la papai jioni, saa tatu usiku natoka na tochi na ndoo ya maji ya chumvi.

Chumvi_Tupu

Ya chumvi ninayo, karibu uchote.

Mtu_wa_Miritini

Bibi wa Mtongwe, hayo makumbi unayapata wapi siku hizi? Huku mnazi wenyewe wa kutafuta.

Nyanya_wa_Mtongwe

Mwanangu, nenda kwa wauza madafu, Mama Ngina pale ufukweni au popote wanapokusanyika jioni. Makumbi yamewajaa, wanalipa watu wakayatupe. Usiseme unalima, sema unayaondosha. Ya dafu ni mabichi na mazito, yawache wiki mbili juani kwanza, vinginevyo yanavuta vijidudu. Mimi Jumamosi nitakuwa na gunia nane zilizokauka, mwanangu wa kiume amekuja likizo na sitaki akae bure. Chukua feri ya mapema, na uje na magunia yako mwenyewe, yangu hayarudi.

Dere_wa_Tuktuk

Mimi nipo Jumamosi. Makumbi hayanuki?

Nyanya_wa_Mtongwe

Hayanuki. Lakini utatandika turubai, na utalipwa ya kuosha kabla hujapakia.